Zotero na sura ya pili: uzoefu wangu

Mada yangu ni kilimo cha mtama Kongwa, mkoani Dodoma, na huwezi kuigusa Kongwa bila kupitia ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafutwa 1951. Kwa hiyo sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio ya machapisho, ina machapisho ya aina mbili: makala za miaka ya karibuni kutoka AJOL (hazina ya mtandaoni ya majarida ya Afrika) na Google Scholar, na ripoti za kikoloni zilizoskaniwa ukurasa kwa ukurasa.

Kwa hizo makala, Zotero imenisaidia mno. Ni programu ya bure ya kukusanya na kupanga marejeo. Unaweka kitufe chake kwenye kivinjari. Ukifungua makala unakibonyeza, na mwandishi, mwaka, jarida, hata PDF kama haijafungiwa, vyote vinaingia na kukaa kwenye kompyuta yako. Hapo ndipo iliponipata. Mchana nakusanya kwa intaneti ya chuo pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), usiku bando limekata naendelea kusoma, kupiga mistari na kuandika maelezo. Kwenye Word inapanga marejeo yenyewe. Msimamizi akitaka mtindo wa marejeo wa APA leo na wa Harvard kesho (wasimamizi mnajijua), unabadilisha mara moja. Makala iliyojirudia inakuonyesha, na iliyobatilishwa baada ya kuchapishwa inawekewa alama nyekundu.

Ripoti za zamani ndizo zenye kazi. PDF ya picha tupu haina maandishi ya kusomeka, hivyo taarifa zote unajaza kwa mkono. Angalia pia mwandishi akiwa taasisi: ukiigawa Wizara ya Kilimo kwenye visanduku viwili vya jina, orodha itatoka na "Kilimo, W. ya", utadhani ni jina la mtu. Kuna kitufe kidogo pembeni kinachovifanya visanduku kuwa kimoja. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na ripoti za picha zinaila upesi. Mimi nimezima upakiaji wa mafaili, zinapanda taarifa tu. PDF zenyewe nazinakili kwenye diski ya nje.

Kusoma haikusomei. Jedwali la nani alifanya utafiti wapi, kwa mbinu gani na akapata nini, bado nalichora mwenyewe, na pengo la utafiti linaonekana humo.

Mwenye makala kumi abaki na daftari lake. Zikizidi hapo, ipakue kabla hujaanza propozo.