Fundi wa Chake Chake anayesoma nambari ya kosa kabla ya kugusa mashine

Kwa anayetafuta fundi wa kompyuta hapa Pemba ambaye hataanza kwa kukufutia kila kitu: yupo Chake Chake, juu ya duka la vitambaa, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Kibao hana. Unapanda ngazi za ubavuni, mlango wa pili. Nimekwenda kwake mara tatu kutoka Wete tangu Agosti 2025, na nimeona niandike kwa sababu kila wiki dukani kwangu huja mtu anauliza.

Tangu nistaafu ualimu nina steshenari ndogo. Nachapa mitihani ya skuli na ya madrasa, barua za maombi, na kuwajazia vijana fomu za mikopo na za ajira mtandaoni. Nina desktopu moja ya mtumba yenye Windows 10, na laptopu ya akiba. Desktopu ndiyo riziki yangu. Ndani yake mna mitihani ya miaka mingi, mingine ya Kiarabu yenye irabu zote, herufi kwa herufi. Kuichapa upya ni kazi ya miezi, na mimi macho yangu si yale tena.

Yaliyonipeleka ni haya. Microsoft ilitangaza mapema kwamba huduma ya Windows 10 ingefikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mtumiaji wa kawaida angeweza kujiandikisha apate apdeti za usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Lakini kuna sharti: mashine iwe kwenye toleo la 22H2, na iwe imeshapokea apdeti za karibuni. Yangu ilikuwa 22H2. Apdeti ndiyo ilikuwa haiingii. Kila nikibonyeza itafute, inazunguka kidogo kisha inanipa nambari ya kosa 0x80072f8f.

Nilijaribu mwenyewe kwanza. Microsoft wana tovuti yao ya kuchukulia apdeti mojamoja kwa mkono, inaitwa Microsoft Update Catalog. Unaandika nambari ya apdeti, ile inayoanza na KB, unapewa orodha ya mafaili. Kivinjari cha desktopu kilikataa hata kuifungua tovuti, basi nikatumia laptopu. Nikaandika KB5063709, apdeti ya tarehe 12 Agosti, nikachukua faili la kwanza nililoliona limeandikwa Windows 10, nikalihamisha kwa fleshi. Bando la wiki likaishia hapo. Nilipolifungua kwenye desktopu likaniambia apdeti hii haiihusu kompyuta hii.

Nikampigia simu fundi mmoja niliyewahi kumtumia. Hakuuliza kitu. Alisema, "Lete tuipige Windows mpya." Mwaka 2023 alinipigia hiyo Windows mpya, na mitihani ya mihula miwili ikaenda nayo, kwa sababu hakuniuliza vitu vyangu viko wapi wala mimi sikujua kuwa huulizwa. Sikurudi. Mtu mmoja msikitini ndiye aliyenielekeza Chake.

Niliifunga mashine kwa kanga mbili, nikaipakata kwenye gari mpaka nikafika. Fundi mwenyewe ni binti wa miaka thelathini hivi. Nilimkuta kainama juu ya laptopu ya mtu, akaniitikia salamu, akanivutia kiti, akamaliza skrubu aliyokuwa nayo mkononi. Ndipo akaniuliza.

"Imekuandikia nini, Maalim?"

Nilikuwa nimeinakili ile nambari kwenye karatasi. Akaisoma, akachomeka mashine kwenye UPS yake, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, akaiwasha. Macho yake hayakwenda katikati ya skrini. Yalikwenda pembeni chini, kwenye saa.

"Maalim, mashine yako inaamini tuko mwaka 2015."

Ile saa nilikuwa naiona. Kila asubuhi imekosea, nikichukulia kuwa ni uzee wa mashine, kazi yangu ni kuchapa na kuchapa hakutaki tarehe. Akanieleza taratibu. Kompyuta inapozungumza na mitambo ya Microsoft huonyeshwa cheti cha utambulisho, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine iliyoko 2015 ikionyeshwa cheti cha 2025 hukiona ni cheti ambacho muda wake haujaanza, basi inakata mazungumzo. Ndiyo maana ya nambari ile, na ndiyo sababu kivinjari nacho kiligoma kufungua tovuti. Miezi yote ile mashine ilikuwa inaniambia, mimi sijui kuisoma.

Akafungua kifuniko, akang'oa betri ndogo ya duara kwenye bodi, mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032. Akaipima mbele yangu. Betri hiyo nzima husoma volti 3, hii ilikuwa chini ya 2. Akanitilia mkononi. "Hii ndiyo inayoshika saa ukizima umeme. Imekufa." Betri mpya alinichaji shilingi elfu tatu.

Fundi mwengine angenirudisha nyumbani na betri yangu. Yeye alisema kwanza tunakili vitu vyako. Akachomeka diski ya nje, akanakili folda zangu zote, kisha akafanya jambo ambalo sijafanyiwa na fundi yeyote: akanigeuzia kibodi. "Fungua mafaili matatu unayoyataka wewe, kutoka kwenye nakala, siyo kutoka kwenye mashine." Nikafungua mtihani wa fiqhi wa darasa la nne. Akangoja, mikono kaiweka mapajani, mpaka nikafika ukurasa wa mwisho na irabu zote ziko mahali pake. Nikafungua la pili, na la tatu. Siku ya pili ndipo akaanza kazi.

Saa ikawa sawa, akaiambia mashine itafute apdeti. Ikaanza kupakua, nikafurahi, kisha ikagoma kwa nambari nyengine: 0x80073712. Hakukunja uso. Alisema hii maana yake ghala la mafaili ya Windows lina vitu vilivyoharibika, akaniuliza kama umeme umewahi kukatika apdeti inaingia. Umewahi, tena zaidi ya mara moja, na UPS yangu betri yake ilikuwa imeshachoka. Akafungua lile dirisha jeusi la amri kwa ruhusa ya msimamizi, akaandika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Amri hii hulikagua lile ghala na kuleta mafaili mazima kutoka Microsoft badala ya yaliyoharibika. Ikapanda vizuri, ikafika asilimia 62.3, ikasimama. Dakika kumi, dakika ishirini, pale pale. Nikamwambia, mwanangu, imeganda hii, izime. Akatikisa kichwa. "Hapo husimama sana, Maalim. Ukiizima hapo ndiyo tunaongeza uharibifu." Ikaadhiniwa alasiri, tukaenda kusali, tuliporudi imeshafika mia. Baada yake akaandika sfc /scannow, akanieleza kwa nini hii ni ya pili na siyo ya kwanza: sfc hutengeneza mafaili ya mfumo kwa kuchukua kutoka ghala lile lile, na ukianza nayo ghala likiwa bovu itachota ubovu.

Kisha akasimamisha huduma mbili za apdeti kwa amri za net stop, wuauserv na bits, akaenda kwenye folda ya SoftwareDistribution ambamo Windows huweka apdeti inazozipakua. Hakuifuta. Aliibadilisha jina, akaiongezea .old mwishoni, ili Windows ijitengenezee mpya na ile ya zamani iwepo iwapo kitu kitakwenda kombo. Hapo nilimwamini.

Apdeti yenyewe akaamua kuiingiza kwa mkono, na akaniita nitazame, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia yaliyonipata. Kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya maelezo ya mfumo, imeandikwa kama Windows yako ni ya biti 64, ambayo katalogi huiita x64, au ya biti 32, yaani x86. Yangu ni x64, na faili nililolipakua Wete lilikuwa la x86. Kwenye katalogi mistari hiyo imepangana, tofauti ni neno moja karibu na mwisho, na faili lenyewe lina mamia ya MB. Hakuna aliyewahi kunionyesha neno hilo. Alipolipakua alibonyeza kitufe cha kulia, akafungua sifa zake, akanionyesha saini ya kidijitali ya Microsoft, inayothibitisha kwamba faili limetoka kwao. Akasema apdeti ya kuletewa kwenye fleshi na mtu usiyemjua usiifungue kabla hujaiona saini hiyo. Na apdeti za Windows 10 ni za kujumlisha, ya mwezi huu ina marekebisho ya miezi ya nyuma, basi hakuna haja ya kuchukua zote nilizozikosa.

Ikaingia, ikajizima, ikajiwasha. Akaandika winver, kikatoka kidirisha kidogo: toleo 22H2, 19045.6216. Kabla ya kazi, tarakimu zile baada ya nukta zilikuwa ndogo sana kuliko hizo. Akakata kipande cha gundi ya karatasi, akaandika nambari na tarehe kwa kalamu ya wino, akakibandika ubavuni mwa mashine. Tukamalizia kwa kujiandikisha ule mwaka wa ziada. Hapo ilinibidi niwe na akaunti ya Microsoft, na sikuwa nayo, akanisaidia kuifungua. Nywila aligeuka pembeni nikaiandika mwenyewe.

Kazi yote shilingi elfu ishirini na tano, ukiacha betri.

Sasa yasiyonifurahisha. Ni mmoja, na foleni ni ndefu. Mashine yangu ilikaa kwake siku mbili, na siku ya kwanza hakuigusa zaidi ya kubadilisha betri na kunakili. Akiwa kazini simu hapokei, na mtu wa Wete au Mkoani hawezi kupanda gari kuja kuuliza tu. Ningemwomba aweke hata kijana mmoja wa kupokea simu. Risiti hutoa ukiomba, usipoomba hutoki nayo. Na bei, kwa mwanafunzi, ni nzito. Kuna watakaokupigia Windows nzima kwa nusu yake. Mimi nalipa, kwa sababu najua mihula miwili ya mitihani ilinigharimu nini.

Mara ya pili nilimpelekea laptopu, nayo apdeti zilikuwa zinashindwa. Hakuendelea nayo. Aliipima diski, akaniambia diski inakufa, apdeti haiwezi kukaa juu ya diski inayokufa, akaninakilia vitu vyangu na kunitoza elfu tano tu ya kunakili.

Mara ya tatu nilikwenda kumwomba anitilie Windows 11 kwenye desktopu, kwa sababu kuna watu wanatiliwa hata kwenye mashine kongwe. Alikataa. Windows 11 inataka TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, na yangu haimo. Alisema njia za kupitia mlango wa nyuma anazijua, lakini mashine ya namna hiyo Microsoft hawaidhamini kwamba itaendelea kupata apdeti, na yeye hataki nirudi baada ya mwaka nikiwa na shida ile ile. Niliumia kidogo, maana nilikwenda na pesa mkononi. Badala yake alinionyesha nifanye nini kila mwezi: apdeti kubwa hutoka Jumanne ya pili, kwa saa zetu ni usiku wa saa mbili au saa tatu, nami nisikimbilie usiku ule. Nisubiri siku chache, ninakili vitu vyangu kwanza, UPS iwe imejaa, ndipo niingize. Betri ya UPS nimeshanunua mpya.

Septemba niliingiza mwenyewe, Wete, faili la x64. Winver ikanipa 19045.6332, nikakata gundi yangu ya karatasi, nikaibandika chini ya ile yake.

Akifungua ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Ijumaa hufunga saa tano na nusu na hurudi saa nane. Ukenda na laptopu chukua na chaja yake, na nambari ya kosa iandike kwenye karatasi kama ilivyo, tarakimu zote, maana ndicho kitu cha kwanza atakachokuuliza.