Apu za wavuti badala ya za dukani: uzoefu wangu kwenye Android na iPhone

Kwa kusoma habari, kufuatilia X na kuagiza vitu, apu ya wavuti, yaani tovuti unayoisakinisha simuni moja kwa moja kutoka kivinjarini bila kupitia Play Store au App Store, inanitosha kabisa. Kubwa kwangu ni nafasi. Twitter Lite, apu ya wavuti ya Twitter (sasa X), ilipotoka mwaka 2017 ilihitaji kama KB 600 tu kufunguka, wakati apu ya Android ya Twitter ilikuwa MB 23.5. Kwenye simu ya GB 16 iliyojaa picha za WhatsApp, hiyo si tofauti ndogo. Na masasisho hayali bando usiku, maana toleo jipya huja lenyewe unapoifungua.

Kwenye Android, kabla ya kuisakinisha, ipime. Fungua tovuti kwenye kivinjari cha Chrome, iache ipakie yote, washa hali ya ndegeni, kisha ipakie upya. Akitokea yule dinosau ambaye Chrome humwonyesha mtandao ukikosekana, jua waliotengeneza hawakuiandaa kufanya kazi bila mtandao. Hiyo iache kivinjarini.

Ikifaulu, gusa nukta tatu juu kulia, chagua kuiongeza kwenye skrini ya kwanza, halafu kusakinisha. Hapo kuwa mvumilivu: seva za Google ndizo zinazoitengenezea simu yako faili dogo la APK (faili la kusakinishia apu za Android), hivyo mtandao ukiwa mzito inachelewa. Wengi huishia na njia ya mkato tu, yaani ikoni inayofungua tovuti ndani ya Chrome, bila kujua. Utaitambua kwa nembo ndogo ya Chrome kwenye kona ya ikoni. Iliyosakinishwa sawasawa haina nembo hiyo, na utaikuta kwenye orodha ya programu ndani ya Mipangilio.

Kuna jambo moja linaloumiza watu, na nalisisitiza: data za apu ya wavuti zinakaa ndani ya Chrome. Ukifuta vidakuzi (faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti) na data za tovuti ili kupunguza mzigo, umejitoa kwenye akaunti zako zote za apu hizo, na rasimu zilizohifadhiwa humo zimekwenda. Futa tovuti moja moja kwenye mipangilio ya tovuti. Arifa zikichelewa, chanzo mara nyingi ni kiokoa betri kuizima Chrome. Nenda kwenye betri ya Chrome, ondoa kizuizi. Ukiona bado unapata sura ya zamani baada ya sasisho, ifunge kabisa kutoka kwenye orodha ya apu zilizo wazi, uifungue tena.

iPhone ni habari nyingine. Hakuna kitufe cha kusakinisha kinachojitokeza chenyewe. Unatumia alama ya kushiriki, ile ya kisanduku chenye mshale wa juu, kisha unaiongeza kwenye skrini ya mwanzo. Utaingia upya kwenye akaunti, kwa kuwa haitumii vidakuzi vya Safari, kivinjari cha iPhone. Arifa zilikuja Machi 2023 na iOS 16.4, na ni kwa iliyowekwa skrini ya mwanzo tu. Bluetooth na NFC (mawasiliano ya kugusanisha vifaa) kupitia wavuti, Safari haina.

Je, apu za wavuti zitayatikisa maduka ya apu? Mwaka 2007 Steve Jobs mwenyewe, mkuu wa Apple, aliwaambia watengenezaji waandike apu za kufunguka ndani ya Safari. App Store ikafunguliwa Julai 2008. Mwaka 2011 gazeti la Financial Times waliondoka humo na kuhamia wavuti kwa sababu ya asilimia 30 ambayo Apple walikata kwenye malipo, na ili wabaki na taarifa za wasomaji wao. Kwa magazeti na maduka ya mtandaoni, njia hiyo bado iko wazi na ninaiunga mkono. Ila mwenye duka la apu, Google au Apple, ndiye mwenye kivinjari. Februari 2024 Apple walitangaza kuziondoa apu za wavuti za skrini ya mwanzo kwa nchi za Umoja wa Ulaya, wakageuza uamuzi Machi 1 baada ya watengenezaji kupiga kelele.

Kwangu apu ya kufuatilia mwendo inabaki ya dukani: skrini ikizimika, ya wavuti haipati tena mahali ulipo, na safari yako inakatika katikati ya ramani.