Viatu Vilivyonitia Ganzi, na Duka Lililokataa Kuupima Mguu Wangu

Sikukusudia kuandika habari za viatu hivi vya baiskeli, kwa kuwa nilijiaminisha kwamba ningevizoea. Lakini majuma machache yaliyopita nilijikuta nimeketi kando ya barabara, kiatu cha kulia kikiwa chini, nikiuminya mguu wangu kwa mikono miwili bila kuhisi chochote kuanzia kidole kidogo hadi cha katikati. Nilikuwa nimeendesha kilomita 70 hivi, na 40 zilikuwa bado mbele yangu. Nilipovua soksi, niliona mshono wa kiatu umejichora kwenye ngozi, mstari mwekundu uliopita juu ya kifundo cha kidole kidogo, na ukucha wake ulikwisha anza kuwa zambarau. Kisha hisia zikarudi, na zilirudi kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Wenzangu walisimama wakanisubiri bila kunung'unika, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Safari iliyobaki niliimaliza nikiwa nimelegeza kiatu kiasi kwamba kisigino kiliinuka kila pedali ilipopanda.

Sasa niseme ninayemkasirikia, maana nilipokuwa pale chini nilikilaani kiatu, na kumbe nilikuwa nakionea.

Viatu nilivinunua miezi kadhaa iliyopita, baada ya vile vya zamani kuchakaa. Kijana aliyenihudumia nilimsalimu vizuri, nikamwomba anipimie miguu yote miwili, urefu na upana, kwa sababu najua kwamba wa kulia ni mkubwa kidogo kuliko wa kushoto, na kwamba yote miwili ni mipana mbele na miembamba kisigino. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. “Unavaa namba ngapi, mzee?” Nikamjibu kwamba viatu vyangu vya kila siku ni namba 42, lakini hivi ni vya baiskeli, ndiyo maana naomba nipimwe. Akaingia stoo, akarudi na boksi la 42, akaliweka miguuni pangu.

Nikavaa, nikakaza, nikasimama. “Kijana wangu, vinanibana hapa pembeni.” Akainama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba, mbele kabisa, mahali ambapo sikulalamikia chochote. “Kidole hakijagusa. Vimekukaa.” Nikarudia kwamba mbele pana nafasi ya kutosha, shida ni ubavuni, kwenye kidole kidogo. Hapo ndipo aliponiambia: “Mzee, viatu vya baiskeli si ndara. Vitaachia vyenyewe. Kwani wewe unakwenda kushindana na nani?” Mwenzake aliyekuwa kaunta akacheka.

Nililipa. Nilikuwa nimechoka, duka lilikuwa na watu, na kicheko kile kilinifanya nitake kutoka haraka kuliko nilivyotaka kiatu kinachonifaa. Huyo kijana hakuwa na haki ya kunihukumu kwa umri wangu, na hata kama singeshindana na mtu yeyote maishani, mguu wangu una mishipa ya fahamu kama mguu wa bingwa.

Na lile neno “vitaachia” ni uongo, au tuseme ni ujinga uliosemwa kwa kujiamini. Kiatu cha ngozi laini cha kutembelea hulegea kadiri kinavyovaliwa, lakini kiatu cha baiskeli ya barabarani kimeshonwa kwa malighafi ya viwandani isiyotanuka ila kidogo sana, na kimegandishwa juu ya soli ya nailoni au kaboni isiyopinda. Ugumu huo wa soli ndio tunaoulipia, kwa sababu hautaki nguvu ya mguu ipotee njiani. Lakini ugumu huohuo una maana kwamba mahali panapokubana kilomita ya kwanza ndipo patakapokubana kilomita ya 100, tena zaidi, kwa kuwa mguu huvimba kwa joto na kwa muda. Anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika husukuma mara 5,400 kwa saa kwa kila mguu. Fikiria kidole kinagongwa ukuta uleule mara zote hizo, halafu mtu akuambie uvumilie.

Namba ya kiatu nayo haielezi yale anayodhani muuzaji. Katika mfumo wa namba za Ulaya, kutoka namba moja hadi nyingine ni thuluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7 za urefu. Ni urefu tu. Upana haumo. Miguu miwili inaweza kuwa 42 kwa haki na mmoja ukaingia pale ambapo mwingine unaomba msaada. Mwenye mguu mpana akishauriwa apande namba, kama wengi tunavyoshauriwa, hupata kiatu kinachopwaya kisigino na kumzidi urefu, na bado upande wa kidole kidogo hauna raha. Mimi niliwahi kufanya hivyo miaka ya nyuma na nikapata malengelenge visiginoni.

Yale ambayo duka lilishindwa kunifanyia yalifanywa na fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, ambaye nilimpelekea baiskeli kwa shida nyingine kabisa na akaniona nachechemea. Aliniambia nirudi jioni, baada ya kushinda nimesimama, nikiwa na soksi zile ninazoendeshea. Akatandika karatasi sakafuni, akanisimamisha juu yake kwa uzito wangu wote, kwa kuwa mguu uliokaliwa kitini ni mwembamba kuliko mguu uliobeba mwili, akaizungushia miguu penseli. Kisha akafanya jambo ambalo silisahau. Alichomoa soli ya ndani kutoka kwenye kiatu changu, akailaza chini na kuniambia niikanyage. Mguu wangu ulimwagika nje ya ile soli pande zote mbili, na kidole kidogo kilikuwa sakafuni kabisa. Hakusema neno, alikionyesha tu kwa ncha ya penseli. Jambo hilo lilichukua chini ya dakika moja. Chini ya dakika moja! Yule kijana angeweza kulifanya huku ameshika simu yake.

Akageuza kiatu na kutazama kliti, vile vipande vya plastiki vya kushikia pedali, nikamwona anatikisa kichwa. Dukani walinifungia nyekundu za kampuni ya Shimano, nami sikuuliza kwa sababu pedali zangu za awali zilikuwa za kampuni ya Look, na huko nyekundu ndiyo inayoupa mguu uhuru mkubwa kuliko zote wa kugeuka kidogo ukiwa umefungwa kwenye pedali, nyuzi 9. Kwa Shimano ni kinyume: nyekundu haina uhuru hata kidogo, ya buluu ina nyuzi 2, na ya njano ina nyuzi 6. Tena zilikuwa zimesukumwa mbele mno, karibu na vidole, kwa hiyo mgandamizo wote ulikuwa unaangukia vichwa vya mifupa ya vidole, palepale neva zinapopita. Fundi alifunga za njano na kuzirudisha nyuma milimita chache. Hata katika kiatu kilekile kilichonibana, ganzi ilichelewa kuja. Pedali za namna hii, ambazo Look walizileta mwaka 1984 na mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault akazitumia kushinda mashindano ya Tour de France ya 1985, zinaufunga mguu mahali pamoja, kwa hiyo kosa la milimita chache haliwezi kurekebishwa na mguu wenyewe ukiwa njiani. Anayeuza viatu hivi anapaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye hukumu, ambayo nimeibadilisha mara mbili nikiwa naandika. Fundi alinieleza kwamba kiatu changu hutengenezwa pia kwa kalibu pana. Nikakiagiza, muundo uleule, namba 42 ileile. Nilipokivaa jioni, vidole vilitandazika, kisigino kikatulia bila kuinuka hata nilipojaribu kukivuta kwa nguvu, na juu ya mguu hapakuwa na haja ya kukaza sana. Siku chache zilizopita nimekwenda nacho kilomita 110, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilifika nyumbani bila kuwa nimeifikiria miguu yangu hata mara moja. Kwa hiyo kiatu ni kizuri, kizuri sana, na nyota moja niliyokuwa nimekiandalia naiondoa.

Vile vyembamba nilivirudisha dukani. Walivigeuza, wakaona alama za kliti kwenye soli, wakasema vimetumika na havibadilishwi. Nikitulia nakiri kwamba katika hilo wana hoja, kwa maana hakuna duka linaloweza kuuza tena kiatu kilichoendeshwa miezi. Lakini siwezi kutulia sana, kwa sababu nisingevitumia hata siku moja kama ningepimwa nilipoomba kupimwa, kwa adabu, nikiwa mteja mwenye fedha mkononi. Kijana yule alikuwapo. Alinitambua, akageukia rafu.

Nimempa mpwa wangu, ambaye ana mguu mwembamba kama samaki, na anasema hajawahi kuvaa kiatu kinachomkaa hivyo. Alipita nyumbani jana akiwa navyo, amerudi kutoka safari ndefu, akavivua mlangoni bila haraka, na vidole vyake havikuwa na alama yoyote. Nilivitazama kwa muda mrefu. Kiatu nakipa nyota tano. Duka silipi nyota hata moja, na ukucha wangu wa kidole kidogo umedondoka juzi.