Studio ya jirani yangu Muheza: picha tatu, miaka mitatu

Nikiri mapema: mwenye studio hii ni jirani yangu. Mimi nashona, yeye anapiga picha, katikati kuna mfereji na ubao wa kuvukia. Atakayesema nimempendelea na aseme, ila asome mpaka chini, maana kuna mahali namsema.

Ni chumba kimoja tu, karibu na stendi. Alifungua mwaka 2022 akiwa na kamera ya mtumba, taa mbili, shuka nyeupe iliyopigiliwa misumari ukutani na kioo kilichopasuka pembeni. Kabla ya hapo alikuwa akimbebea waya mpiga video wa harusi huko Tanga mjini. Mwaka mzima, na kamera yenyewe anasema aliishika mara nne.

Picha yangu ya kwanza kwake ilikuwa paspoti, kwa ajili ya barua ya serikali ya mtaa. Vipande vinne, shilingi 3,000. Shuka ilitoka nyeupe pepepe, uso wangu mweusi tii kama mtu anayechungulia kutoka pangoni, na kivuli kimeninasa shingoni. Mwenyekiti alipogonga muhuri, nusu kwenye karatasi na nusu kwenye paji la uso, wino wake ulionekana vizuri kuliko pua yangu.

Baadaye sana ndipo aliponieleza kilichotokea. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na anayeumia ni mtu mweusi aliyekaa mbele ya hiyo shuka. Kivuli nacho ni kwa sababu kiti kilikuwa kimegusa ukuta. Siku zile alikuwa anaiachia kamera iamue kila kitu. Sikumcheka. Mwaka wangu wa kwanza wa cherehani nilikuwa nakata gauni la huyu kwa vipimo vya yule aliyetangulia, nikiomba Mungu wawe wanalingana.

Picha ya pili ni ya 2023, mahafali ya binti yangu ya kidato cha nne. Saizi ya A4 na fremu, 20,000. Kiti kilishasogea hatua mbili kutoka ukutani, uso ukang'aa, hapo sina neno. Lakini kijana alikuwa ameshapata programu ya kulainisha ngozi, na aliitumia kama mtoto aliyeachiwa kopo la poda. Binti yangu ana kovu juu ya nyusi, aliangukia jiwe kutoka mwembeni akiwa darasa la pili. Halipo. Shangazi yake alipoiona aliuliza huyu ni nani.

Na haikuishia hapo. Niliitundika sebuleni mkabala na dirisha, mwaka haujaisha joho jeusi limegeuka rangi ya zambarau. Wino wa rahisi na jua havipatani. Nilimrudishia, akakubali kosa na kuichapa upya bila malipo kwenye karatasi nzuri zaidi, hilo nampa haki yake. Ila ilichukua wiki tatu za "kesho, mama". Mafundi wote tuna ugonjwa huu, najua, lakini mimi wateja wangu hawanichungulii dirishani kutwa nzima.

Niliwahi kwenda Unguja kwenye harusi, nikaingia Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukutani ni picha nyeusi na nyeupe juu hadi chini, na kila uso una uzito wake. Nilipomsimulia kijana, aliniuliza jambo moja tu: yule mzee alifundishwa na nani? Nikamwambia nilivyosikia, kwamba kabla ya kufungua yake alifanya kazi kwa Gomes, mpiga picha mwingine wa hapohapo mjini. Akanyamaza. Yeye mwalimu wake ni simu, na bando likiisha somo limeisha.

Sasa picha ya tatu, ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka huu nilimteremsha mama yangu kutoka Amani. Amepita miaka 80, na picha yake pekee ni ya kitambulisho, ambayo mwenyewe anasema amepigwa kama mwizi wa kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nivue kilemba?"

"Usivue kitu, bibi. Kaa unavyokaa nyumbani."

Akazima taa zote mbili. Akafungua dirisha la ubavuni, akamgeuza mama kidogo, na upande wenye giza akasimamisha mfuniko mweupe wa boksi la samaki, lile la povu, ili mwanga urudi shavuni. Kisha akavuta kigoda, akaketi chini kuliko mama, akaanza kumuuliza habari za iliki. Jamani, mama na iliki! Bei, walanguzi, mvua, nani alimwibia mwaka gani. Dakika ishirini zilipita, nikahesabu milio ya kamera: saba tu.

Alipomwonyesha kwenye kompyuta, mama alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, weupe wake unaonekana wazi.

"Bibi, hili jicho nilitie giza kidogo?"

"Liache. Wajukuu wananijua nalo."

Akaliacha. Mikunjo ameiacha, na tundu la sikio lililovutika kwa hereni za ujanani ameliacha. Nililipa 25,000 na fremu, na safari hii nimeitundika mbali na dirisha.

Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijahamia upande wa pili. Mwambie kabisa hutaki kulainishwa. Pa kubadilishia nguo hakuna, vaa ukiwa nyumbani au pitia kwangu. Lipa nusu, nusu ibaki mpaka picha iwe mkononi. Umeme ukikatika, paspoti usubiri. Na Jumamosi usiende, anakuwa kwenye maharusi. Utamkuta mdogo wake, na huyo bado anakata watu vichwa.