Uzoefu Wangu wa Kusafiri na Up with People: Jukwaa, Kazi za Kujitolea na Nyumba za Wenyeji

Kijana wa Afrika Mashariki anayefikiria kujiunga na Up with People, kundi la vijana wa mataifa mengi linalosafiri kutumbuiza, kujitolea na kukaa katika nyumba za wenyeji, huuliza kwanza kama sauti yake inafaa. Mimi pia niliuliza hivyo nilipokuwa Tanga, na jibu ni kwamba kundi hili halimchagui mtu kwa sauti. Wakati wangu waombaji walikuwa vijana wa miaka 17 hadi 29, na kilichoamua ni mahojiano: unaishije na watu usiowajua, unapokeaje kazi usiyoizoea, na kwa nini unataka kuhama mji karibu kila wiki kwa muhula mzima. Baada ya kusafiri nao Marekani, Mexico na Ubelgiji, naona utaratibu huo ni sahihi, kwa sababu sehemu kubwa ya safari haiko jukwaani. Onyesho ndilo linalowaleta watu ukumbini, lakini mafunzo yenyewe niliyapata katika kazi za kujitolea na, kuliko yote, katika nyumba za familia zilizotupokea.

Kundi lina historia ndefu. Lilianza Marekani mwaka 1965 chini ya J. Blanton Belk, likitokana na Moral Re-Armament, vuguvugu la kimataifa la kuhimiza maadili, na mwaka 1968 likawa shirika linalojitegemea lisilo la kibiashara. Miongoni mwa wanamuziki wake wa mwanzo walikuwamo ndugu watatu wa familia ya Colwell, ambao kabla ya hapo walikuwa wamekaa Kongo katika msukosuko wa uhuru wa 1960, wakiimba redioni kwa lugha za wenyeji. Vijana wake walitumbuiza mara nne, kati ya 1976 na 1986, katika mapumziko ya Super Bowl, fainali kuu ya mpira wa Kimarekani. Walifika China mwaka 1978 na Umoja wa Kisovyeti mwaka 1988. Shughuli zilisimamishwa mwaka 2000 na kufufuliwa miaka michache baadaye, nami nilisafiri nao katika kipindi hicho cha pili, tukiwa vijana wapatao mia moja wa mataifa mengi.

Tulianza kwa wiki kadhaa za mazoezi mjini Denver, katika jimbo la Colorado. Mji huo uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia pwani huishiwa pumzi akipanda ngazi tu, sembuse kuimba huku anacheza. Kwangu mazoezi yaliangukia Ramadhani ya mwezi Julai, wakati ambapo jua la Denver huzama karibu saa mbili na nusu usiku, si saa kumi na mbili na nusu jioni kama kwetu. Niliwaeleza walimu wa dansi mapema, tukakubaliana kwamba hatua nzito nizifanye asubuhi, na alasiri niketi na wenzangu wa sauti ya tatu tukikariri maneno ya nyimbo. Familia niliyopangiwa, waumini wa Kilutheri, ilisogeza chakula chake cha usiku hadi saa yangu ya kufuturu, na mama mwenye nyumba alizunguka maduka mpaka akapata tende. Msomaji Mwislamu anayeogopa kwamba dini yake itamtenga na kundi namwambia asiogope, ila aandike kila kitu kwenye fomu ya familia wenyeji: chakula asichokula, nyakati za swala, na kama anaweza kulala nyumba yenye mbwa. Fomu hiyo husomwa kwa makini kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu onyesho nitasema machache. Ni la muziki na dansi za mataifa mbalimbali, huchukua karibu saa mbili, na nafasi za kuimba peke yako hugawanywa kwa watu wengi badala ya kuachiwa wenye sauti bora. Anayetaka kutengenezwa kuwa nyota atafute chuo cha muziki. Kinachofaa kujulikana ni kwamba wasanii ndio hao hao wapagazi: asubuhi tulishusha masanduku ya taa na vipaza sauti kutoka kwenye lori, tukafunga jukwaa, tukapima sauti, tukatumbuiza usiku, kisha tukabomoa kila kitu na kukirudisha garini kabla ya kwenda kulala. Nilijifunza kukunja nyaya kwa namna isiyoziharibu na kusoma mpango wa taa, ujuzi ambao umenipatia vibarua vya kumbi za harusi na makongamano tangu niliporudi nyumbani. Kwa kipimo cha manufaa ya baadaye, naipa kazi hiyo alama za juu kuliko uimbaji wangu wote.

Nyumba za wenyeji ndizo zinazolifanya kundi hili liwe na thamani. Katika kila mji wasafiri wawili au watatu wa nchi tofauti huwekwa katika nyumba moja, bila malipo yoyote kwa mwenyeji, na familia huwachukua ukumbini kwa gari lake na kuwaingiza katika maisha yake ya kawaida. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba hizi nilishika jembe tangu jioni ya kwanza, na kuosha vyombo pamoja na wenyeji ndiko kulikofungua mazungumzo ambayo sebuleni yasingefunguka. Hermosillo, katika jimbo la Sonora kaskazini mwa Mexico, mama yetu hakujua neno la Kiingereza wala mimi la Kihispania. Mwenzangu Mmexico alitafsiri siku ya kwanza, halafu akachoka, na hapo tukalazimika kuelewana jikoni. Alinionyesha kutandaza chapati zao za ngano, kubwa na nyembamba hata unaona mwanga upande wa pili, na kuoka coyotas, vibiskuti bapa vyenye sukari guru ndani, vinavyosifika katika mji huo. Nami nikampikia maharage ya nazi ya kopo, akayala na wanawe wote wakarudia.

Tukio ambalo bado linanishughulisha lilitokea Ubelgiji, katika nyumba ya wazee upande wa Waflandria, yaani Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, tulikokwenda kuimba bila vyombo na kuwasaidia wauguzi kuwatembeza wakazi bustanini. Bibi mmoja, aliposikia ninatoka Tanzania, alinisalimu kwa Kiswahili. Alikuwa ameishi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika ujana wake, Kongo ilipokuwa bado koloni la Ubelgiji. Nilifurahi mno, nikavuta kiti. Kadiri alivyozidi kukumbuka, niligundua kwamba Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuagiza: lete maji, funga mlango, upesi. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anafurahia kupata mtu wa kumsikiliza, nami nilibaki kati ya kumpenda na kuumia kwa ajili ya wale walioambiwa maneno hayo. Tulikaa naye muda mrefu, nikamwuliza majina ya watu waliofanya kazi nyumbani kwao, akakumbuka moja tu. Jioni ile, katika kikao cha kundi cha kutafakari kazi ya siku, nililieleza jambo hilo. Vijana wa Kibelgiji tuliokuwa nao walisema mambo kuhusu shule walizosoma na yale ambayo hawakufundishwa, na kikao kikapita muda wake bila yeyote kukiahirisha. Sijawahi kupata darasa la historia lililonigusa namna ile.

Kazi za kujitolea zenyewe zilitofautiana sana: kupanga vyakula vya msaada ghalani, kupaka rangi shule, kusoma na watoto, kusafisha mitaro. Wiki moja haitoshi kubadili mji, na yeyote anayesafiri kwa mtindo huu, na kundi lolote, akubali hivyo moyoni. Kwa maoni yangu kazi zilizofaa ni zile zilizoongozwa na taasisi ya mji husika, yenye mpango wake na watu watakaobaki, ambapo nguvu zetu mia moja zilimaliza kwa siku moja kazi ambayo watu watano wangeihangaikia mwezi mzima. Mwombaji ajifunze kumwuliza mwenyeji anachohitaji kabla hajashika brashi.

Gharama ni kubwa. Msafiri hulipa ada ya muhula, ambayo ni maelfu mengi ya dola, na nauli ya kufika mahali pa kuanzia ni juu yake. Mimi nilipata udhamini wa sehemu, na salio lilitokana na kadi za mchango nilizochapisha kama za harusi na kuwapelekea ndugu, walimu wangu wa zamani na wafanyabiashara wa soko la Ngamiani. Wapo waliotoa shilingi elfu mbili, na majina yao niliyaandika daftarini pamoja na ya waliotoa laki. Ada na ratiba hubadilika, kwa hiyo anayetaka kuomba aziulize kwa kundi lenyewe. Kuhusu viza, mwenye viza halali ya Marekani huruhusiwa kuingia Mexico bila viza nyingine, lakini Ubelgiji inahitaji viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inayodai taarifa za benki, bima na miadi ya ubalozini. Barua ya kukubaliwa ikifika tu, aanze kukusanya karatasi hizo wiki hiyo hiyo, hata kama fedha za ada bado hazijatimia.