Makaburi ya Wafalme wa Uingereza: Uzoefu Wangu wa Westminster na Windsor

Nilikata tiketi ya Westminster Abbey, jijini London, kwa nia moja tu ya kuyaona makaburi, kwa kuwa wafalme na malkia wapatao 30 wamelazwa humo, ukiwahesabu pamoja na wenzi wao. Kifaa cha kusikilizia maelezo kimo ndani ya bei ya tiketi na kinatosha kwa mgeni asiye na haraka. Hata hivyo, nililipa nyongeza ili nizungushwe na mhudumu wa kanisa, na fedha hiyo sijaijutia, maana ndivyo nilivyofika kwenye kaburi la Mfalme Edward Muungamadini, aliyefariki Januari 1066, siku chache baada ya kanisa alilolijenga kuwekwa wakfu. Kwenye msingi wa kaburi lake kuna vidaka vya mawe ambamo mahujaji walikuwa wakipiga magoti.

Mahali paliponishika zaidi ni kikanisa cha Henry VII. Upande mmoja amelala Elizabeth I, aliyefariki mwaka 1603, na jeneza lake limewekwa juu ya lile la dada yake Mary I, ambaye mwaka 1554 alimfunga katika Mnara wa London. Sanamu ya marumaru ni ya Elizabeth peke yake. Mary ametajwa kwa maandishi tu, ya Kilatini, yasemayo kwamba hao dada wawili, walioshiriki kiti cha enzi na kaburi, wamelala wakitumaini ufufuo. Ng'ambo ya pili yupo Mary, Malkia wa Scotland, aliyekatwa kichwa mwaka 1587 kwa hati iliyotiwa saini na Elizabeth huyo huyo. Makaburi yote mawili yalijengwa kwa amri ya James I, mwana wa aliyeuawa na mrithi wa aliyeidhinisha kifo hicho, naye akamhamishia mama yake hapo mwaka 1612. Yeye mwenyewe hana sanamu wala mnara, bali amezikwa chini ya sakafu pamoja na Henry VII. Nilirudi hapo mara mbili, na ningemshauri kila mgeni ajitengee muda wa kutosha kwa ajili ya kikanisa hicho, hata kama itambidi ayapite mengine kwa haraka.

Baada ya George II, aliyezikwa Westminster mwaka 1760, wafalme wengi wamezikwa Windsor, kasri la kifalme lililo nje ya London, katika kikanisa cha Mtakatifu George, ambacho hakipokei watalii siku ya Jumapili. Henry VIII, aliyejipangia kaburi la fahari kubwa, yumo chini ya bamba la sakafuni pamoja na mke wake wa tatu, Jane Seymour, na Mfalme Charles I.

Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, na kwetu kila mtu mzima anajua kwamba Elizabeth II alikuwa huko Februari 1952, baba yake alipofariki na yeye kuurithi ufalme. Kwa hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya jiwe jeusi la huko Windsor lenye majina ya George VI, mkewe, binti yao Elizabeth II na mume wa binti huyo, Philip, nikiusoma na kuurudia mwaka ule ulioandikwa kando ya jina la baba: 1952.