Tangi la bahari la lita 60 hapa Mombasa, uzoefu wangu kutoka sufuri

Seti niliyonunua ya kufugia samaki wa bahari na matumbawe nyumbani ni ya lita 60, tangi la kioo lenye chujio kwa nyuma, taa ya LED, pampu ndogo ya kusukuma maji, hita na kipimo cha chumvi cha plastiki. Wanaoniuliza kama inafaa nawaambia inafaa, kioo ni safi na viungio havivuji, lakini aliyeipanga hio seti alikuwa anawaza watu wa nchi za baridi. Huku kwetu mambo mawili ndo yanaamua kama tangi litaishi, joto na maji baridi yasiyo na chumvi, na yote mawili utajitafutia mwenyewe.

Hita iacheni kwa boksi. Matumbawe yanataka maji ya nyuzi kama 24 mpaka 27 na hapa hata Julai kusi ikivuma sijaona haja ya kuwasha kitu. Ngojea Januari mpaka Machi sasa, nyumba haina AC, tangi dogo linafuata joto la chumba haraka, taa na pampu nazo zinaongeza zao, ukiangalia thamomita saa tisa mchana iko 30 inapanda. Tumbawe likikaa kwa joto kama hilo linavitoa vile vimwani vidogo vinavyoishi ndani yake, na hivyo ndo vinavyolilisha, linabaki jeupe na maji yasipopoa linakufa na njaa. Bahari yetu yenyewe ilipitia hayo mwaka wa 1998 wakati wa El Niño, matumbawe mengi sana ya pwani ya Kenya yalikufa, kwa hivyo kwa kitu cha lita 60 hakuna kusema ntaangalia kesho.

Kilichonisaidia ni feni mbili ndogo za kompyuta zinapuliza juu ya maji, kifuniko nimetoa nimeweka wavu samaki wasiruke nje. Zinashusha kama nyuzi mbili hivi, siku za mvuke mwingi hewani zinashusha chini ya hapo. Chukua za plastiki tupu maana chuma chochote karibu na hayo maji kitaliwa na kutu upesi na kutu ikidondokea ndani ni balaa.

Sasa feni inapoza kwa kukausha maji, na maji yakikauka chumvi haiendi popote, inabaki ndani inazidi kuwa kali. Kwa hivyo kila siku unarudishia maji baridi, sio ya bahari, mpaka kwenye alama uliyoweka kwa kioo. Na hapa ndo mtu wa Mombasa anapata kazi, kwa sababu visima vyetu vingi vina maji ya chumvi chumvi yenye madini kibao, ya mfereji yana klorini na hayaji kila siku, ya mkokoteni hujui jerikeni imejazwa wapi. Mie nachukua kwa maduka ya kujaza maji ya kunywa yanayochuja kwa RO, yaani maji yanasukumwa kwa utando unaozuia chumvi na madini, lakini natembea na kile kimita kidogo cha TDS mfukoni, kinachopima vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Ikisoma karibu na sufuri nabeba, duka moja waliniapia ni RO safi mita ikasoma zaidi ya 200, nikashukuru nikaenda zangu. Maji kama hayo ndo yanaleta mwani wa kijani unaofunika mawe yote.

Kile kipimo cha plastiki sikiamini, kapovu kamoja ka hewa kakishika mshale kinasoma uongo. Nunua rifraktomita, kile kipimo cha chumvi cha kuchungulia mwanga ukipita kwenye tone la maji, isawazishe kwa maji yake maalum, ulenge chumvi 35 kwa elfu, yaani uzito wa 1.026 ukilinganisha na maji matupu. Pesa ya hita ingeenda hapo.

Halafu lile swali la kila mtu, mbona ununue chumvi ya ndoo, ile ya dukani ya kutengenezea maji ya bahari, na bahari hio hapo? Swali zuri. Chumvi ya ndoo inataka zaidi ya gramu 35 kwa lita, tangi hili ni kilo mbili na kitu kila ukijaza upya, na bei inauma. Lakini sichoti Tudor wala Kilindini, kuna maji taka ya mji na mafuta ya vyombo, na baada ya mvua za masika hata ufuoni maji yamechanganyika na matope ya mito. Ukitaka ya bahari fuata nje kwa mashua maji yakijaa, yachuje kwa kitambaa, yaweke gizani. Mie nimekaa na ya ndoo, najua kilichomo.

Mawe nilichukua makavu. Usiende kuvunja mwamba, Mombasa Marine Park iko tangu 1986 na kutoa matumbawe ni kosa, na hata isingekuwa kosa, uzuri wa kitu hiki uko wapi kama umeubomoa kule? Kuzindua bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki kabla sijaweka kiumbe chochote, nilitumia kipande cha kamba mbichi, yule wa kuliwa, kikaoza, amonia ikapanda, ikageuka nitriti, ikageuka nitreti, unapima mpaka hizo mbili za kwanza zisome sufuri. Inachukua wiki kadhaa, hakuna dawa ya kuruka hio.

Stima ikipotea pampu inasimama na hewa inaisha haraka kwa maji ya moto, kwa hivyo weka kapampu ka hewa ka betri karibu. Hiki ni lazima, sio anasa.

Taa ya seti sina neno nayo, inatosha matumbawe laini, nina zoanthus na uyoga wa bahari niliyokatiwa na mwenzangu anayekuza kwa tangi lake na yanafunguka vizuri kila asubuhi, klaunfishi wawili wa muuzaji mwenye leseni wanakula kwa mkono. Matumbawe magumu sijaweka. Yanataka taa kali kuliko hii na kalsiamu isiyoyumba, kwanza nataka nione tangi limevuka Machi nzima bila kupita 28.